Meno ya dramu yamechomelewa upya, mashine inatetemeka na vumbi limezidi. Tuongeze meno?

welda_wa_zamu

Wakuu habarini za kazi.

Nipo machimbo ya chokaa mkoani Tanga, upande wa matengenezo. Mashine yetu ni ile ya kukwangua mwamba: inatembea kwa minyororo, tumboni ina dramu yenye meno ya tangsteni kabaidi, inakata sakafu huku inarusha mawe kwenye konveya mpaka ndani ya dampa. Baruti hatutumii kwa sababu nyumba za watu ziko karibu.

Holda za dramu (vile vikombe vya chuma vinavyoshika meno) zilikuwa zimekwisha, ikapelekwa karakana moja mjini ikavuliwa zote na kuchomelewa mpya. Imerudi imepakwa rangi, inang'aa, ukiitazama huwezi kuitilia shaka. Tangu tuifunge hatuna raha. Kebini inatetemeka mpaka opereta anateremka ameshika kiuno. Vumbi limekuwa la unga, lile linaloingia mpaka kwenye chai. Wakati huohuo, katikati ya huo unga yanatoka mabao ya jiwe makubwa yanayokwama mdomoni mwa konveya. Meno ya upande wa kushoto yanalika ubavu mmoja tu, na dizeli inakwenda kama tuna mashine mbili.

Vipimo: dramu ina upana wa mita 2.2, kipenyo mpaka ncha ya jino ni milimita 1,100, inazunguka mara 80 kwa dakika. Tunakata kina cha milimita 200. Meno ni 76. 14 ni ya pembeni na 62 ni ya katikati, kila mstari wa kuzunguka dramu una meno mawili, moja kila upande wa dramu. Zamani opereta alikuwa anakwenda mita 8 kwa dakika bila shida. Sasa akifika 4 mashine inaruka, kwa hiyo anashuka mpaka 3, wakati mwingine 2.

Meneja wa uzalishaji anasema meno ni machache kwa mwamba huu, tuchomelee mstari mmoja zaidi katikati ya kila mistari miwili. Holda anazo stoo tayari. Mimi moyo unasita lakini sina hoja ya kumpa. Naombeni hoja.

---

bosi_wa_kokoto

Mkuu ongeza tu. Meno mengi, kazi nyingi. Kila jino linabeba mzigo mdogo, linadumu. Meneja wako yuko sahihi.

---

Mzee_Nyundo

Kijana, zima mashine ya kuchomelea kwanza, elektrodi zirudishe kwenye oveni. Halafu soma taratibu, nitaandika kirefu kwa sababu nimestaafu na mama watoto ameenda kwenye arusi.

Bosi wa kokoto hapo juu anafikiri jino linakwangua mwamba kama msasa. Lingekuwa msasa angekuwa sahihi. Jino la dramu halisagi, linapasua. Linapoingia kwenye jiwe, chini ya ncha kunakuwa na unga kidogo uliobanwa, na kutoka kwenye huo unga nyufa zinatoka kwenda pembeni. Kama pembeni kuna mfereji ambao jino jingine limeshauchimba, ufa unatokea kwenye ule mfereji na kipande kizima kinang'oka. Hicho kipande ndicho faida yako. Jino halikukigusa, kimeng'oka chenyewe. Ni kama kashata: unapitisha kisu mistari, halafu unavunja, haina haja ya kisu kugusa kila mahali.

Sasa swali ni mfereji wa jirani uwe umbali gani. Ukiwa karibu mno, ufa hauna cha kung'oa, kila jino linasaga unga ambao jirani yake ameshausaga. Hapo unapata vumbi, dizeli inakwenda, na jino linapata joto. Ukiwa mbali mno, ufa unafia njiani, na kati ya mifereji miwili linabaki tuta zima la jiwe. Mzunguko ujao jino linashuka kwenye mfereji uleule, unazidi kuwa mwembamba na mrefu, na jiwe limelibana jino kila upande. Nguvu inapanda. Mwisho tuta linafika kwenye holda, chuma kinaanza kusuguana na jiwe.

Kwa hiyo usiniulize nafasi nzuri kati ya mistari ni milimita ngapi. Hakuna jibu. Nafasi inapimwa kwa kina ambacho jino linauma. Kwa meno haya ya mkuki, yaani yenye ncha iliyochongoka kama yako, kwenye miamba mingi, nafasi ikiwa mara 2 mpaka mara 5 ya kina cha kuuma uko pazuri. Chini ya hapo unasaga, juu ya hapo unaacha matuta.

Tufanye hesabu ya dramu yako. Mizunguko 80, mwendo mita 8 kwa dakika: kila mzunguko mmoja mashine inasogea milimita 100. Mstari una meno mawili, basi kila jino linapewa 50. Lakini dramu ni duara na unakata 200 tu, jino linaingia chini likiwa halina kitu mdomoni, linapanda huku kipande kinanenepa, linatokea juu likiwa na kipande kinene kuliko vyote. Kwa kipenyo chako na kina chako, huo unene wa juu kabisa ni kama asilimia 77 ya ile 50. Sema milimita 38 au 39.

Dramu yako ilitoka kiwandani na nafasi gani? Mita 2.2 ukitoa ncha mbili za pembeni, mistari 31, nakisia ilikuwa kama milimita 70. Gawa 70 kwa 38: inakuja 1.8, karibu na 2. Opereta akiwa na mita 6 kwa dakika inakuja 2.4. Dramu ilikuwa pazuri.

Sasa fuata ushauri wa meneja, weka mstari katikati. Nafasi inakuwa 35. Kwa mwendo uleule wa mita 8 umepata 0.9. Hicho ni kinu cha unga wa chokaa. Ukitaka kuirudisha kwenye 1.8 itabidi uende mita 4 kwa dakika, yaani nusu ya uzalishaji, na meno mara mbili ya kununua. Mpe hiyo hoja kwenye karatasi.

Ila tatizo lako la leo si idadi ya meno. Unapata unga NA mabao makubwa kwa wakati mmoja. Dramu iliyopangwa sawasawa haitoi vyote viwili. Hiyo ni dramu ambayo sehemu meno yamebanana na sehemu yameachana. Kabla hujaandika chochote hapa tena, nenda nyuma ya mashine ikiwa imesimama, fagia sakafu iliyokatwa kwa upana wa dramu, lala kifudifudi na rula ya chuma. Pima kutoka mfereji hadi mfereji. Sakafu haijui kudanganya, na haijapakwa rangi.

---

Salalah_Tz

Mzee kamaliza, mimi naongeza la kazini tu. Nipo Oman, trencha ya mnyororo, tunachimba mitaro ya mabomba kwenye chokaa ngumu. Mpangilio wetu umegawanywa kwenye sahani za mnyororo, jino la kwanza katikati, yanayofuata yanakwenda nje kidogo kidogo mpaka ukingoni, halafu inaanza upya. Kila jino lina mstari wake. Likikatika moja ukaliacha kwa uvivu, lile la mstari jirani linakuta tuta zima peke yake. Haichukui shifti mbili nalo limekwenda, halafu la tatu. Jino ni bei ya sahani chache za chakula, sahani ya mnyororo ni bei nyingine kabisa. Foromani wetu Mmisri hana huruma, kila tukijaza dizeli anatembea na nyundo ndogo anagonga kila jino aone kama linazunguka kwenye holda.

Hilo la kuzunguka usilipuuze, welda. Umesema upande wa kushoto meno yanalika ubavu mmoja. Yameacha kuzunguka.

---

Bi_Jiwe

Habari za jioni. Mimi ni mjiolojia, nimefanya kazi ukanda huohuo wa Tanga. Nakubaliana na Mzee Nyundo kwa sehemu kubwa, niongeze upande wa jiwe maana naona dramu inasemwa yenyewe tu.

Kwa nini kipande kinang'oka bila kuguswa: mwamba una nguvu sana ukiubana, lakini ukiuvuta ni dhaifu. Kwa miamba mingi nguvu ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kubanwa, ikizidi au kupungua. Ivor Evans, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa ukataji wa makaa ya mawe, alijenga nadharia yake ya miaka ya 1960 juu ya hilo: jino linaposukuma, kipande kinakatika kwa kuvutwa. Mwaka 1984 akaiandika upya kwa ajili ya meno ya mkuki kama hayo yenu. Ukisaga, unapigana na upande wenye nguvu wa jiwe. Ukipasua, unapigana na upande dhaifu. Ndiyo maana dizeli kwa kila mita ya ujazo inashuka jino likiuma kina zaidi, mpaka kiwango fulani halafu inatulia.

Lakini ile "mara 2 mpaka 5" haifanani kwa kila jiwe. Jiwe kavu lenye kuvunjika vikali, nyufa zinakwenda mbali pembeni, unaweza kuachanisha mistari. Jiwe laini lenye unyevu au lenye udongo, jino linazama tu na ufa hauendi mbali, hapo mistari inatakiwa isogeleane. Chokaa ya Tanga ni ya enzi ya Jurasiki, ileile yenye mapango ya Amboni, na watu wa Tanga wanajua mapango hayo yalivyo: maji yameyeyusha jiwe, nafasi zikabaki wazi au zikajaa udongo mwekundu. Kwenye machimbo unakuta jino lipo kwenye udongo, halafu ghafla linagonga ukuta wa jiwe gumu. Mtikisiko wa namna hiyo hauponi kwa kupanga meno.

Kwa hiyo naomba welda utueleze: mtetemeko upo kila mahali au kuna sehemu za uso wa machimbo ambako unatulia?

---

welda_wa_zamu

Shikamoo mzee. Dada Bi Jiwe, asante. Salalah, asante kaka.

Mtetemeko upo kila mahali, hata kwenye kile kipande cha mashariki ambacho jiwe lake ni sawasawa kama zege. Kwa hiyo si mapango.

Nimelala kifudifudi kama nilivyoagizwa, vijana wa zamu wakanipiga picha wanacheka. Nimepima mifereji kutoka kulia kwenda kushoto. Kulia inaanza vizuri: 70, 71, 69, 70. Ikifika katikati inaanza 64, 75. Kushoto ndiyo kichekesho: 52, 88, 53, 87, 50, 90. Katika zile za 88 na 90 kuna tuta limesimama, juu yake kuna mng'ao wa chuma, unaona kabisa rangi ya holda imeachwa pale. Nikaenda kuangalia holda za kushoto, zimesuguliwa ubavuni mpaka zimeng'aa.

Opereta anasema ndiyo maana anapunguza mwendo, asivunje holda.

---

Mzee_Nyundo

Marahaba. Kazi nzuri, na hao wanaocheka wafundishe kupima.

Aliyechomelea alianza kulia akiwa na kipimo, akafika katikati akaanza kupima kutoka holda aliyoimaliza badala ya kupima kutoka ukingo wa dramu. Kosa dogo linajijumlisha. Baadaye akagundua holda hazitaenea, akaanza kusogeza moja huku, moja kule. Unaona 52 na 88? Jumla 140. 53 na 87, 140. 50 na 90, 140. Kila mstari mmoja katikati ya miwili umehama kama milimita 18 mpaka 20.

Sasa sikiliza kuhusu opereta wako, maana hapa ndipo mambo yanapozidi kuharibika kila siku. Yeye akipunguza mwendo anadhani anaipunguzia mashine mzigo. Kwa dramu nzima, ndiyo. Kwa yale matuta, anayakuza. Nafasi ya 88 haibadiliki, lakini kina cha kuuma kinashuka na mwendo. Kwa mita 4 kwa dakika jino linauma kama 19, nafasi 88, hiyo ni mara 4.6, ukingoni mwa uvumilivu. Kwa mita 3 inauma 14 na nusu, imekuwa mara 6. Kwa mita 2, mara 9. Tuta halivunjiki kamwe, holda ndiyo inalivunja. Mashine inatetemeka zaidi, yeye anapunguza zaidi. Na upande wa zile 52 anazidi kusaga unga. Usimlaumu, mtu anaogopa akiwa juu ya chuma kinachoruka. Ila mwambie.

Kipimo cha pili usichokifanya bado. Urefu wa ncha. Zima injini, funga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako wewe na si wa mtu mwingine. Chomelea kwa muda kipande cha nondo kwenye fremu, ncha yake ielekee dramu. Zungusha dramu taratibu kwa kifaa chake cha matengenezo, si kwa injini, na pima pengo kati ya nondo na kila ncha ya jino jipya. Meno mapya yote, ukipima meno yaliyolika hujapima kitu.

Nakwambia kwa nini. Meno mawili ya mstari mmoja yanagawana mlo. Moja likiwa fupi kwa milimita 10 tu, kwa mwendo wa mita 4 ambapo kila moja lilitakiwa kuuma 19, lile fupi linauma 9 na mwenzake anauma 29. Mara tatu. Uking'oa jino lililokufa mapema, usiangalie lililokufa, angalia mwenzake wa upande wa pili wa dramu amekaaje.

Cha tatu ni mpangilio wa kuzunguka. Kwa kina chako jino linakuwa ndani ya jiwe kwa nyuzi kama 50 za mzunguko, kwa hiyo kati ya meno 62 ni 8 au 9 tu yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Kiwanda kiliyapanga kwa mzingo, kama uzi wa skrubu, ili linapotoka moja linaingia jingine, injini isione tofauti. Karakana ikisogeza holda mbele au nyuma ili ipate nafasi ya kuchomelea, unapata dakika moja meno 5, dakika nyingine 13. Nimesema dakika, maana yake sehemu ya sekunde. Mtetemeko mwingine unatoka hapo. Na ule mzingo ndio unaosukuma mawe kwenda katikati penye mdomo wa konveya. Ukivunjika, mawe yanazunguka na dramu yanasagwa mara ya pili. Vumbi hilohilo.

---

mwana_murang'a

Samahani wazee, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi Kenya. Tulifundishwa kwamba nafasi iwe mara 10 hadi 20 ya kina. Darasani walitupa mfano wa mashine ya kutoboa handaki. Hapa mnasema 2 hadi 5. Nani amekosea?

---

Bi_Jiwe

Hakuna aliyekosea, mdogo wangu. Mashine ya handaki haina meno ya mkuki, ina magurudumu ya chuma yanayobingirika kwenye uso wa mwamba. Gurudumu la kisasa lina kipenyo cha inchi 17 au zaidi, linasukumwa kwa nguvu kubwa sana, linaingia milimita chache tu kwa mzunguko kwenye mwamba mgumu. Mistari yake inaachana milimita 70 mpaka 100 hivi. Gawa 80 kwa 8 unapata 10. Gurudumu linabana eneo pana na kupasua kwenda pembeni karibu sambamba na uso, ndiyo maana linamudu umbali huo. Jino la kukokota, kama haya ya dramu, haliwezi. Usihamishe namba ya chombo kimoja kwenda kingine, hata kama somo lina jina moja.

---

bosi_wa_kokoto

Mzee lakini zile za pembeni mbona kiwanda wanazibananisha? 14 kwenye ncha mbili, ukipima hazifiki hata 30 kati yake. Kama kubanana ni vibaya mbona wao wanafanya?

---

Mzee_Nyundo

Umeuliza swali la maana kwa mara ya kwanza leo, bosi.

Jino la katikati lina jirani aliyeshachimba. Jino la ukingoni kabisa halina jirani upande wa nje, kuna ukuta wa mwamba mzima. Ufa wake hauna pa kutokea. Kwa hiyo wanayabananisha, na wanayainamisha kwenda nje ili yajikatie nafasi ya mwili wa dramu kupita. Kazi ya huko ni ngumu na ya hasara, na inakubalika kwa sababu bila hiyo dramu ingekwama kwenye mfereji wake yenyewe. Ndiyo maana meno ya pembeni huisha kwanza hata kwenye dramu nzuri kabisa. Stoo wawekee akiba yake peke yake.

Welda, wewe mistari ya pembeni usiiguse kama urefu wa ncha uko sawa. Vua kushoto yote kuanzia mstari wa kwanza uliokuonyesha 64. Usipime kutoka holda kwenda holda. Chukua ukingo mmoja wa dramu, fanya huo ndio mwanzo, piga kila mstari kutoka hapo: 70, 140, 210, endelea. Tengeneza kalibu ya bamba la milimita 10 yenye jino la mfano, ikae kwenye mwili wa dramu na ikupe pembe, urefu na mstari kwa pamoja. Pembe ya jino na mwelekeo wa kukata, kwenye dramu za namna hii, huwa kati ya nyuzi 45 na 55. Ichukue kwenye holda za kulia ambazo hazina matatizo. Halafu kuna kule kugeuza kidogo ubavuni, nyuzi chache tu. Fundi wengi wanaona kama kasoro na wanainyoosha. Hiyo ndiyo inayolifanya jino lizunguke linapogusa jiwe. Ukiinyoosha, au ukiigeuza kupita kiasi, linalika ubavu mmoja kama yako ya kushoto, kabaidi inabaki imesimama nje bila mgongo, inachomoka.

Pasha moto kabla ya kuchomelea, bandika nukta kwanza kwa holda zote, pima zote tena, ndipo ujaze. Ukijaza moja moja dramu inavuta na vipimo vinahama huku unatazama.

---

welda_wa_zamu

Wakuu nimerudi.

Urefu wa ncha: kulia tofauti ni milimita 2 au 3. Kushoto kuna mistari minne ambayo jino moja liko chini ya mwenzake kwa 8 mpaka 11. Na yale yaliyokuwa yanavunjika kila mara ni wenzao. Nilishangaa daftari lilivyokubaliana, nilikuwa nabadilisha jino lilelile kila shifti nikidhani ni kabaidi mbovu.

Meneja nilimpelekea karatasi yenye 0.9 na 1.8. Akaitazama sana, akaniuliza mita 4 kwa dakika maana yake tani ngapi kwa shifti, nikamwambia nusu. Holda zake za ziada amekubali tuzitumie kushoto.

Tumevua, tumechomelea kwa kalibu. Kichefuchefu cha kazi, lakini imekaa. Kebini imetulia, opereta anakwenda 6 sasa na anataka 7. Sakafu nimeilalia tena, kutoka kulia hadi kushoto ni 69 mpaka 71, na matuta ni madogo yenye mgongo uliovunjika, hakuna mng'ao wa chuma. Vumbi bado lipo ila si ule unga. Meno ya kushoto nikiyashika baada ya shifti yanazunguka kwa mkono, isipokuwa mawili yaliyoziba udongo, nikayaosha kwa maji ya presha.

Swali la mwisho. Meneja amehamia kwingine: anataka sasa tukate kina cha milimita 300 badala ya 200 ili tupunguze kupita. Meno na mistari vibaki hivihivi. Inawezekana?

---

Mzee_Nyundo

Mashine ikiwa na nguvu, inawezekana, lakini hesabu inahama. Kwa 300 jino linakaa kwenye jiwe nyuzi kama 63 badala ya 50, na unene wa juu wa kipande unafika asilimia 89 ya hatua ya jino, si 77. Meno yanayofanya kazi kwa pamoja yatakuwa kama 11. Injini haitakubali mita 6. Pengine mita 4. Hapo hatua ni 25, kina cha kuuma 22, nafasi 70, mara 3.2. Uwiano ni mzuri. Tani zako kwa saa ni zilezile: 6 kwa 200 na 4 kwa 300 ni ujazo mmoja. Utakachookoa ni muda wa kugeuza mwisho wa kila mstari. Uso wenu una urefu gani?

---

welda_wa_zamu

Karibu mita 250.

---

Mzee_Nyundo

Basi kugeuza si tatizo lenu kubwa. Jaribuni siku moja kwenye lile jiwe la mashariki, opereta aanze na 3 na apande polepole, na wewe ukalale kifudifudi baadaye. Ukiona mng'ao wa chuma juu ya tuta, rudini 200.

---

Bi_Jiwe

Na kabla ya kushuka 300 mwulize mtu wenu wa upimaji kama chini ya hapo kuna tabaka la udongo. Konveya ikishaziba udongo mbichi, dramu nzuri haitawasaidia.